Mahindi Yaliyoandikwa na Mahindi Yaliyoliwa

Msomaji wangu kijana, huenda siku moja ukiwa katika maktaba ya shule utafungua kitabu cha taarifa za Serikali, ukakuta ukurasa uliojaa safu za tarakimu. Upande wa kushoto yameandikwa majina ya wilaya. Juu imeandikwa miaka. Na katikati yamepangwa magunia ya mahindi, maelfu kwa maelfu. Mtu mwenye haraka huinakili tarakimu aliyoitaka akaenda zake. Wewe nakuomba ukae kidogo. Nataka tuzichunguze pamoja safu mbili za ukurasa kama huo, moja ya Kitale na ya pili ya Bungoma, na hasa namna zilivyobadilika maana pale Serikali ya kikoloni ilipoondoka na Serikali mpya ya Kenya ikashika madaraka mwaka 1963. Kabla ya kuuliza ni nani aliyelima vizuri kuliko mwenzake, yatupasa kujua tarakimu zenyewe zilihesabu kitu gani.

Jambo hili lina uzito wake. Baada ya Uhuru yalisikika maneno mawili yenye kupingana, na kila moja lilidai kusimama juu ya hesabu. Wapo waliosema kwamba mashamba ya Wazungu yalipokatwa vipande vipande na kupewa Waafrika, mavuno yalianguka. Wapo nao waliosema kwamba mara mkoloni alipoondoka mavuno yaliongezeka maradufu. Kila upande ulikuwa na ukurasa wake wa kuonyesha. Haiwezekani kurasa hizo zote mbili ziwe zimesema kweli kwa maana moja, na hakuna haja ya kumwita mtu yeyote mwongo ili kueleza jinsi zilivyoandikwa.

Tuanze na Kitale. Mji huu uko mashariki ya Mlima Elgon, katikati ya nchi ya Trans Nzoia, na Bungoma iko kusini ya mlima huo huo. Udongo na mvua za huku na kule si mbali sana kwa tabia. Lililozitenga nchi hizi mbili katika vitabu ni sheria. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Walowezi wengi walifika huko baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wengine kwa mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba askari waliotoka vitani. Mwaka 1926 tawi la reli kutoka Eldoret lilifika Kitale, na tangu hapo mahindi yakawa na njia ya kwenda bandarini.

Sasa fikiri, msomaji, jinsi ilivyokuwa rahisi kumhesabu mlowezi. Shamba lake lilikuwa na namba, na mipaka yake ilikuwa imepimwa na mpima ardhi. Alikuwa na sanduku la posta ambamo karatasi ya Serikali ingemfikia. Kuanzia mwaka 1920 ilichukuliwa sensa ya kilimo katika mashamba ya Wazungu, na mwenye shamba alitakiwa kujaza eka alizopanda na mavuno aliyoyapata. Mahindi yake yaliwekwa katika gunia lenye uzito maalumu wa ratili 200, na hiyo ndiyo asili ya gunia la kilo 90 ambalo hata leo hutajwa katika hesabu za mahindi ya Kenya. Gunia hilo lilipita katika ghala la chama cha walowezi, yaani Chama cha Wakulima wa Kenya kilichojulikana kwa herufi K.F.A., kisha likapanda behewa la reli. Kila mlango lilipopita palikuwa na karani na daftari. Kama karani mmoja alikosea, mwenzake wa mlango wa pili angeweza kumsahihisha.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa zilikuwa nadhifu, hesabu hizo zilikuwa safi. Mwaka 1942, katikati ya Vita ya Pili, Serikali iliahidi kumlipa mlowezi kiasi cha fedha kwa kila eka aliyoipanda nafaka kwa idhini, hata kama mavuno yangeharibika. Ilikuwa ni bima, na kwa wakati wa vita ilikuwa na sababu yake. Hata hivyo mtu anayelipwa kwa eka ana sababu ya kuzipenda eka zake kupita kiasi, naye ndiye aliyekuwa akiijaza karatasi. Tena katika mashamba yale yale waliishi maskwota, yaani Waafrika waliofanya kazi kwa mlowezi na kuruhusiwa kulima kipande kwa ajili ya familia zao. Mahindi yao yalikua katika udongo wa Kitale, yakavunwa Kitale, yakaliwa Kitale. Katika karatasi ya mlowezi hayakuwamo. Kwa hiyo hata safu iliyosifiwa kuwa ni timilifu ilikuwa na watu na vyungu ambavyo haikuviona.

Tuteremke sasa mpaka Bungoma, ambako ndiko penye mambo mengi zaidi. Nchi hii ilikuwa rizavu, na wenyeji wake wengi ni Wabukusu, pamoja na Wasabaot, Wateso na wengineo. Humo hapakuwa na shamba lenye namba wala sanduku la posta. Walikuwapo maelfu ya wakulima, kila mmoja na eka zake chache, na Bwana Shamba mmoja mwenye eneo kubwa kuliko uwezo wa miguu yake. Alifanyaje huyo Bwana Shamba alipotakiwa kuandika mavuno ya mwaka? Alikwenda kwa chifu, akayatazama mashamba kwa macho, akaulizia hali ya mvua, akakadiria eka, akazizidisha kwa magunia aliyodhani yanapatikana katika eka moja, akapeleka jibu makao makuu. Jibu hilo lilipochapishwa lilikaa katika kitabu kimoja na hesabu ya Kitale, kwa herufi za ukubwa ule ule, kana kwamba zote mbili zimetoka katika mizani moja.

Na kukadiria huko kulikuwa kugumu kuliko kunavyosikika. Mkulima wa Bungoma hupanda maharagwe katikati ya mistari ya mahindi. Je, eka hiyo ni ya mahindi au ya maharagwe? Ukiiandika mara mbili, umeikuza nchi. Ukiigawa nusu kwa nusu, umeyapunguza mahindi ambayo hayakupungua. Kabla mahindi hayajakauka, watoto wamekwisha kuyala mabichi, ya kuchoma na ya kuchemsha, kwa majuma kadhaa. Na katika mwaka wa shida hayo mabichi ndiyo yanayookoa nyumba. Yaliyokauka hupimwa kwa debe na, siku hizi, kwa gorogoro, lile kopo la kama kilo mbili ambalo kila mama sokoni analijua. Debe la muuzaji huyu si debe la yule: lipo lililobonyezwa ubavu, na lipo linalojazwa mpaka likawa na kilele. Na ukimwuliza mwenye nyumba amevuna kiasi gani, atakuonyesha ghala lake na kukuambia, limejaa, au, halikujaa. Hilo ni jibu la kweli kabisa, ila halina tarakimu.

Kwa hiyo Serikali ya kikoloni iliegemea hesabu moja tu iliyokuwa ya yakini kwa upande wa Waafrika, nayo ni mahindi yaliyouzwa kwa njia iliyoruhusiwa. Kuanzia mwaka 1942 ununuzi wa mahindi uliwekwa chini ya Udhibiti wa Mahindi, na mkulima Mwafrika alipata bei pungufu kuliko mlowezi, kwa kuwa fedha zilikatwa kwa ajili ya usafiri, ushuru wa baraza la wilaya na mfuko uliosemekana kuwa wa maendeleo ya kilimo. Weka mkono wako moyoni, msomaji, ukajiulize wewe ungefanya nini. Kama jirani yako mwenye njaa, au mchuuzi apitaye usiku, anakupa zaidi ya bei ya daftari, je, ungelifuata daftari? Wengi hawakulifuata. Na kila gunia lililouzwa gizani lilikuwa gunia ambalo, kwa macho ya Serikali, halikuota.

Ilikuwako pia sababu nyingine ya watu kunyamaza, nayo ni woga uliofunzwa na mambo yaliyotendeka. Mwafrika alijua tangu mwanzo wa karne kwamba anayehesabu nyumba huja kudai kodi ya nyumba. Mwaka 1938 huko Ukambani ng'ombe walihesabiwa, kisha wakachukuliwa na kuuzwa kwa nguvu ili wapunguzwe, mpaka watu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Habari kama hizo husafiri. Bungoma kwenyewe wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, waliikataa mamlaka ya walowezi na amri za Serikali. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi hao huko Malakisi, watu wakafa, na dini yenyewe ikapigwa marufuku mwaka ule ule. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mgeni mwenye kalamu akiuliza, una eka ngapi, huwezi kumlaumu mzee akijibu, chache.

Mwishoni mwa utawala wao Waingereza wenyewe waliliona pengo hilo. Katika mwaka 1960 na 1961 ilifanywa sensa ya sampuli ya kilimo cha Waafrika: badala ya kutazama kwa macho, mashamba machache yalichaguliwa na kupimwa, kisha hesabu yake ikatumiwa kupata ya wote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi ya namna hiyo kufanywa kwa upana katika Kenya. Angalia tarehe, msomaji. Utawala uliokaa zaidi ya miaka sitini ulianza kuwapima wakulima walio wengi ulipobakiwa na miaka miwili.

Basi likaja badiliko. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na katika muda wa miaka michache mambo matatu yalitokea kwa pamoja, kila moja likitosha peke yake kuzivuruga safu zetu.

La kwanza ni mipaka. Hadi mwaka 1956 Bungoma ilikuwa ndani ya wilaya ya North Nyanza. Mwaka huo ikawekwa katika wilaya mpya iliyoitwa Elgon Nyanza. Na mwaka 1963 Elgon Nyanza ikagawanywa ikawa Bungoma na Busia, zikawekwa chini ya Mkoa mpya wa Magharibi. Mwanafunzi anayelinganisha mahindi ya Mkoa wa Nyanza ya mwaka 1960 na ya mwaka 1965 ataona yameporomoka, naye ataandika insha nzuri juu ya sababu za kuporomoka. Hayakuporomoka, yalihamia ukurasa wa pili. Zaidi ya hayo, sehemu za Nyanda za Juu, kama vile Tongaren, Ndalu na Naitiri, ziliingizwa Bungoma na kugawiwa wakulima wadogo. Udongo haukusogea hata hatua moja, bali eka zake ziliacha kuwa za Wazungu na zikawa za Bungoma. Kitale nayo iligombewa, wengine wakiitaka iwe upande wa Magharibi, lakini ikabaki katika Bonde la Ufa.

La pili ni mashamba yenyewe. Mpango wa Eka Milioni ulianza mwaka 1962, na kwa mpango huo zaidi ya eka milioni moja zilitoka mikononi mwa walowezi zikagawiwa familia zipatazo 35,000. Mashamba mengine, hasa Trans Nzoia, yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi waliochanga fedha. Hapa naomba tukae na mfano wa kubuni, maana hesabu kidogo hueleza kuliko maneno mengi.

Chukua shamba moja la mlowezi lenye eka 600 za mahindi, kila eka ikitoa magunia 10. Jumla ni magunia 6,000. Mlowezi anabakiza 200 kwa posho ya wafanya kazi, na 5,800 yanapita kwa karani. Shamba hilo linagawiwa familia 40, kila familia ikapata eka 15. Kila familia inapanda mahindi katika eka 10 na kuzitumia eka 5 zilizobaki kwa maharagwe, mboga, ng'ombe wa maziwa na nyumba. Eka za mahindi sasa ni 400. Nazo zikitoa magunia 10 kila moja, mavuno ni 4,000. Kila familia inakula magunia 15 kwa mwaka, jumla 600. Magunia 1,000 yanauzwa kwa majirani na kwa wachuuzi. Yanayofika kwa karani ni 2,400. Daftari linasema kwamba mahindi yameshuka kutoka 5,800 hadi 2,400, yaani yamepungua zaidi ya nusu. Ukweli wa shambani ni kwamba yamepungua kwa theluthi moja, kwa sababu eka zimepungua kwa theluthi moja, na eka hizo nyingine hazikulala bure: zinatoa maziwa na maharagwe ambayo hakuna karani aliyetumwa kuyaandika. Ustadi wa mkulima haukushuka hata kidogo, kwa maana eka moja bado inatoa magunia 10. Tena watu 200 au zaidi wanashiba pale ambapo zamani paliishi mlowezi na watumishi wake. Mabadiliko haya yote yanaingia katika jedwali kwa umbo la anguko.

La tatu linavuta upande wa pili, nalo ni mbegu. Mwaka 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza katika kituo cha utafiti cha Kitale, na mwaka 1956 ikaanzishwa hapo hapo Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Mwaka 1964 ilitolewa Haibridi 611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima ya Amerika ya Kusini. Wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya waliipokea mbegu hii kwa kasi iliyowastaajabisha wataalamu. Sasa yule Bwana Shamba aliyekuwa akizidisha eka kwa magunia ya desturi alikuwa na taabu mpya. Akitumia kipimo cha zamani, angeipunja nchi. Akichukua kipimo cha kituo cha utafiti, ambako mbolea na palizi ni kamili, angeikuza. Hadithi ya anguko na hadithi ya ongezeko zilizaliwa katika mwaka mmoja, katika wilaya mbili zilizopakana, na zote zilikuwa na uzazi wa halali.

Mtu anaweza kusema, haya ni mabishano ya makarani, yanamhusu nini mwenye njaa? Yanamhusu yeye kwanza. Mwaka 1965 mvua ilikuwa haba, mahindi yakawa adimu, na Kenya ikalazimika kuagiza nafaka kutoka Marekani. Manung'uniko yalikuwa makubwa hata Serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi wa Mahindi, iliyotoa taarifa yake mwaka 1966. Na mwaka huo huo shughuli za ununuzi zikaunganishwa chini ya Bodi ya Mahindi na Mazao. Fikiri nafasi ya mtu aliyekaa Nairobi katika miezi ile. Anaona magunia yaliyofika ghalani, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yaliyobaki katika maghala ya Bungoma hayaoni. Mahindi yakija kwa wingi katika bodi, hajui kama watu wamevuna sana au wana shida ya fedha za karo wakauza hata cha kula. Mahindi yakija machache, hajui kama yamekosekana au yamefichwa yakingoja bei. Dalili moja, maana mbili. Naye anatakiwa kuamua leo kama auze nje au aagize.

Kosa la namna hii halikuisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mavuno yalikuwa mengi, maghala yakajaa, mahindi yakauzwa nchi za nje. Ilipofika mwaka 1980 Kenya ilikuwa ikiagiza tena, na watu wakasimama katika foleni za unga. Na kwa muda wote huo Serikali mpya ilikuwa imeirithi sheria ya zamani ya kuzuia mahindi yasivuke wilaya bila kibali. Vizuizi vya barabarani viliendelea mpaka miaka ya 1990. Mahindi yaliyotoka Trans Nzoia kwenda kwa walaji wa wilaya nyingine bila kibali, na yaliyovuka mpaka wa Uganda upande wa Suam au Lwakhakha, yalikuwa ni magendo. Nayo magendo hayaandikwi na yeyote, isipokuwa yanapokamatwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo Serikali mpya ilipojidhuru yenyewe kuliko mahali pengine popote. Iliwafukuza wakulima kutoka katika daftari, kisha ikalitegemea daftari.

Serikali mpya yoyote ina majaribu yake katika hesabu, na Kenya haikuwa ya kwanza. Katika Urusi ya Kisovieti, kuanzia mwaka 1933 mavuno yalikadiriwa yakiwa bado yamesimama shambani, kabla ya kupotea kwa mvua, panya na uvivu wa mashine. Hesabu hiyo tamu ilitumika mpaka mwaka 1953. Katika China mwaka 1958 ilitangazwa kwamba nafaka imefika tani milioni 375. Mwaka uliofuata tarakimu hiyo ilipunguzwa ikawa milioni 250, na baadaye ikakubaliwa kwamba ilikuwa kama milioni 200. Ofisa wa chini alijua wakubwa wanataka kusikia nini, akawapa. Wakubwa wakatoza nafaka kwa kadiri ya hesabu ile, na mamilioni ya watu wakafa kwa njaa. Kenya haikufika huko hata kidogo. Jaribu lake lilikuwa la pande mbili: ofisa wa wilaya anayetaka sifa ana sababu ya kuandika kingi, na ofisa anayetaka watu wake wapate chakula cha msaada ana sababu ya kuandika kidogo.

Tena ni haki kusema kwamba Serikali mpya iliyatenda pia mazuri ambayo ile ya zamani haikuyatenda. Katika mwaka 1974 na 1975 Ofisi Kuu ya Takwimu, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilifanya uchunguzi mkubwa wa nyumba za wakulima wadogo, ikiwauliza wanalima nini, wanakula nini na wanauza nini. Mahindi ya chungu yakapata mahali katika kitabu. Hata hivyo uchunguzi huo ulikuwa na tundu. Ulishughulika na mashamba madogo. Na ile sensa ya zamani iliendelea kushughulika na mashamba makubwa yaliyomo katika orodha. Kati ya hayo mawili yalikuwapo mashamba yaliyozidi kipimo cha udogo na yasiyofika katika orodha ya makubwa. Wataalamu waliyapa jina la mashamba ya pengo, jina la kweli kuliko mengi. Na Trans Nzoia ilikuwa na taabu yake ya pekee: shamba lililonunuliwa na kampuni ya wananchi liliweza kubaki katika orodha kama shamba moja kubwa, huku ndani yake familia nyingi zimekwisha kugawana vipande kwa kamba na vigingi. Karatasi ya sensa ilitumwa kwa mwenye shamba mmoja. Angeijaza nani?

Je, basi tuyatupe majedwali yote? Mimi sioni hivyo. Karani wa kale alituachia zaidi ya anavyodhaniwa, mradi tumwulize maswali yanayomhusu. Magunia yaliyosafirishwa kwa reli kutoka Kitale ni ushahidi mzuri wa mahindi yaliyosafirishwa kwa reli. Mbegu zilizouzwa na kampuni ya Kitale ni ushahidi bora wa eka, kwa sababu mkulima hutumia kilo zipatazo 10 za mbegu katika eka moja, na mbegu ya kununua haipandwi ili kumfurahisha chifu. Bei ya sokoni nayo haijui siasa: kama taarifa inasema mavuno ni mengi na bei ya debe imepanda maradufu mwezi wa pili baada ya kuvuna, basi ama mahindi hayakuwapo, au yamefungiwa mahali. Na ukiona katika taarifa ya wilaya kwamba mavuno ya kila tarafa yanaishia kwa sifuri tatu, jua kwamba hapo hapakupimwa kitu, palikadiriwa.

Historia hii haikukoma na kizazi cha Uhuru. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi nyingi za kilimo mikononi mwa serikali za kaunti, na kuanzia mwaka 2013 Bungoma na Trans Nzoia zikawa na serikali zake, kila moja na maofisa wake wa kilimo, huku takwimu za taifa zikibaki kazi ya Shirika la Takwimu la Kitaifa. Mwaka 2023 wakulima waliandikishwa vijijini ili wapate mbolea ya bei nafuu, ambayo gunia lake la kilo 50 lilishushwa mpaka shilingi 2,500, na kila mmoja akataja eka zake. Utakumbuka malipo ya eka ya mwaka 1942. Zamani mlowezi alikuwa na sababu ya kuzikuza eka zake. Sasa sababu hiyo imemfikia mkulima mdogo, ambaye baba yake alikuwa na sababu ya kuzificha.

Taarifa rasmi zilisema kwamba mahindi ya Kenya yaliongezeka kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Mwaka 2022 ulikuwa wa ukame, na mwaka uliofuata ulikuwa na mvua na mbolea, kwa hiyo ongezeko ni jambo la kuaminika. Ila kama utaandika insha juu yake, usiishie kwenye tarakimu hizo mbili. Nenda Kitale ukaulize mbegu zilizouzwa msimu ule. Nenda soko la Chwele siku ya gulio, utafute mama anayekumbuka gorogoro ilikuwa shilingi ngapi mwezi wa Januari na ilikuwa ngapi mwezi wa Mei, ukaziandike bei hizo mbili pembeni mwa magunia.